Nilimshika Niyubahwe Kichwa

Wanafunzi wa mazoezi wakiletwa kituoni kwetu hapa Kasulu, wiki haiishi kabla mmoja wao hajanisogelea wakati wa chai na lile swali lao. "Sista Mpawe, nini kilikuvuta kwenye unesi?" Wanauliza huku uso wameshauandaa kuguswa. Wanataka niseme wito. Wanataka niseme nilimwona nesi mmoja na gauni jeupe nikiwa mdogo, moyo ukanidunda. Mimi huwajibu kwamba nilipenda viatu, halafu nawatuma wakapange glavu stoo. Wanasema nina roho mbaya. Sawa, na waseme.

Leo nauweka wazi ukweli, maana mtu pekee niliyekuwa namficha ameshaujua. Sina tena cha kulinda.

Jina langu lote ni Mpawenimana. Nimezaliwa kijiji kimoja nje ya Kibondo, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka mjini, na nimelelewa na bibi mzaa baba. Mama alifariki sijajua hata kutembea. Baba akaenda kuoa Kakonko, akanisahau huko nyuma kama mtu anavyosahau mwavuli. Tulikuwa nyumba mbili ua mmoja: mimi na Bibi nyumba hii, na nyumba ile baba mdogo Leonidasi na mkewe, Mama Mdogo Esteri.

Bibi alikuwa mkata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, ukifungua mdomo mbele ya kioo utakiona. Kwetu mtoto akikohoa wiki mbili mfululizo, akikataa kula, akianza kukonda, watu hawasemi kifua. Wanasema kimeo kimerefuka, kinamkwaruza, kikatwe. Basi wanamleta kwa Bibi. Walitoka vijiji vya mbali, wengine walitoka kambi ya wakimbizi. Alikuwa na kakisu kalikopinda ncha, alikorithi kwa mama yake aliyevuka nako kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Alikachemsha kila mara kabla ya kukatumia. Bibi alikuwa msafi kuliko manesi kadhaa ninaowajua, na hilo nalisema nikiwa nesi.

Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa. Nilianza nikiwa na miaka tisa. Unakaa kwenye mkeka, mtoto unampakata mgongo wake ukiegemea kifua chako, miguu yake unaibana kwa yako, mkono mmoja kwenye paji la uso na mwingine chini ya kidevu. Unakivuta kichwa nyuma mpaka macho yake yatazame juu. Bibi anakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, anaingiza kisu, mara moja, imekwisha. Mtoto analia, anatema damu kidogo, anapewa uji uliopoa. Mama yake anaacha kuku, au kibaba cha maharage, anaondoka anashukuru.

"Mikono yako haitetemeki, mjukuu wangu," Bibi alikuwa akiniambia. "Wewe ndiye utakayenirithi." Basi mimi kichwa kikawa kinavimba. Wenzangu walijua kuruka kamba, mimi nilijua kushika watoto wa watu.

Mama Mdogo Esteri hakuyataka kabisa mambo hayo. Alikuwa ameokoka, anaimba kwaya, na alishamwambia Bibi mbele ya wageni, kwa adabu lakini bila kupepesa macho, "Mama, nakuheshimu sana, lakini Niyubahwe hakatwi." Niyubahwe ndiye alikuwa mtoto wake wa pekee wakati huo. Miaka mitatu, mtundu wa kupindukia. Alipenda kujificha kwenye tenga la nguo chafu, na ukianza kumtafuta anapiga kelele mwenyewe humo ndani, "Sipo!" Ua mzima tulimpenda. Bibi alimpenda kutushinda wote, na balaa lilianzia hapo hapo kwenye mapenzi.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka elfu mbili na tisa. Baba mdogo alikuwa Tabora kwenye mashamba ya tumbaku, Mama Mdogo akaenda Kasulu kwenye mkutano wa injili wa siku nne. Mtoto akabaki na sisi, na kikohozi chake. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kumkunja mpaka machozi yanamtoka. Siku ya pili Bibi akasema, "Mtoto anakwisha huku mama yake anaimba." Akaweka maji jikoni, akakatia kakisu ndani.

Nilijua Mama Mdogo alikataza. Watu wakisikia nilikuwa na miaka kumi na moja wanataka kunisaidia, wanasema eh, ulikuwa mtoto, hukujua. Nilijua. Nilikaa kwenye mkeka, nikampakata, nikamshika kichwa, na mikono yangu haikutetemeka.

Damu ilitoka kama kawaida, ikakoma kama kawaida. Ndivyo tulivyodhani. Siku hizi najua kwamba mtoto mdogo akivuja damu kooni mara nyingi haitemi, anaimeza. Wewe unatazama midomo mikavu unasema amepona, kumbe damu inashukia tumboni taratibu. Jioni alisinzia mapema. Kesho yake asubuhi akatapika vitu vyeusi, kama mashapo ya kahawa. Bibi akafukia kwa majivu na kunivuta pembeni.

"Mama yake akirudi usimwambie," akasema. "Mlokole yule ataniletea wachungaji hapa uani. Mtoto atapona, utaona mwenyewe."

"Ego, Bibi," nikaitikia. Ndiyo, Bibi.

Mama Mdogo hakungoja mkutano uishe. Alirudi mchana ule ule, alisema moyo umekuwa ukimsumbua. Alipomwinua mtoto na kuona kichwa kinalala begani, hakuuliza mtu kitu. Alimfunga mgongoni akatoka mbio kwenda zahanati, mimi nyuma na mkoba wa nguo.

Mganga wa zahanati yetu aliitwa Bazilio. Alikuwa kijana, mtu wa kutoka mbali, ana miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, na alikuwa akijifunza Kiha kwa kuchekwa na akina mama kwenye foleni. Alimvuta Niyubahwe kope ya chini akaangalia. Akamtoboa kidole. Kipimo kikaonyesha malaria. Miaka ile ungemtoboa mtoto yeyote wa kijiji chetu ungekuta malaria. Lakini Bazilio hakuridhika, nilimwona.

"Mama, huyu ameishiwa damu sana," akasema. "Ameanguka? Amepewa dawa za kienyeji? Amekatwa kimeo?"

Mama Mdogo akaja juu. "Mimi nimeokoka, daktari! Mwanangu hajaguswa!"

Bazilio akajaribu kumfungua mdomo. Mtoto akang'ata meno kwa nguvu zake zote zilizobaki, akamwacha. Kisha akachuchumaa mbele yangu mimi, macho yake usawa wa macho yangu. "Binti, wewe ulikuwa naye nyumbani. Amefanyiwa kitu chochote? Sema tu. Hakuna atakayekugombeza."

Mama Mdogo alikuwa amenishika mkono. Nikasema, "Hapana."

Basi Bazilio akatibu malaria, kwa sababu malaria ndiyo aliyoachiwa. Akamchoma kwinini kwenye paja, akaandika rufaa ya kwenda Kibondo kuongezewa damu, akapiga simu kuomba gari. Gari lilikuwa limepeleka mjamzito. Tukakaa kwenye benchi tunalisubiri, na Niyubahwe akakata roho kwenye mapaja ya mama yake, haijapita hata saa moja tangu achomwe. Ningesema ndiyo, angekitafuta kile kidonda. Labda angepona, labda asingepona. Nimesoma vitabu vyote nilivyopewa na bado sijui, na kutokujua huko kunanitafuna mpaka leo.

Msibani mtu mmoja akasema ni sindano. Wa pili akasema sindano iliyopitwa na muda. Ilipofika kwa wa kumi, Bazilio alikuwa anafanyia majaribio watoto wetu. Wakaipiga nyumba yake mawe. Maofisa wa wilaya walipokuja kusikiliza, Mama Mdogo alisimama na khanga yake ya msiba akasema, "Mwanangu aliingia pale anapumua. Akachomwa. Akafa." Hakuongopa hata neno moja, maskini. Mimi na Bibi tulikaa benchi la nyuma. Bibi alikuwa analia, tena kilio cha kweli, na nadhani hata yeye alishaamua kuiamini ile sindano. Hakukata tena mtoto wa mtu. Alisema macho yamechoka.

Bazilio aliondoka siku ya nne kwenye pikipiki, godoro limefungwa nyuma. Watoto walimkimbiza wakimzomea. Mimi sikuzomea, nilisimama tu kwenye mgomba nikatazama. Kama hilo nalo ni la kujisifia.

Baada ya hapo ndipo Mama Mdogo alipoanza kunipenda. Afadhali angenipiga! Alinihamishia nyumba yake, akanipa kitanda, akawa ananiita mwanangu. "Wewe ndiye uliyekuwa na mimi siku ile," alikuwa akisema, akinisuka nywele. "Wengine walisikia tu. Wewe uliona." Siku moja kanisani akasimama akatangaza kwamba mimi nitasomea unesi, niwe nesi mwenye huruma, ili watoto wa watu wasiuawe tena kwa sindano. Kanisa zima likasema amina. Sasa ningesema nini? Nilienda unesi kwa sababu nilishindwa kumwambia kwa nini nisiende. Huo ndio wito wangu.

Alinisomesha kwa jasho lake. Alilima, akauza maharage, akaja kunitembelea chuoni na kuku mzima wa kukaanga kwenye kopo la rangi lililosuguliwa likang'aa. Wenzangu walikuwa wakiniambia, "Mpawe, una mama wewe!" Nilikuwa naitikia, nakula ule mguu wa kuku.

Na kazi nikaiweza, siwezi kusema uongo. Mshipa wa mtoto ambao wengine wanautafuta mpaka wanatokwa jasho, mimi naupata. Kila mama anayeniletea mtoto anayekohoa namuuliza habari za kimeo, polepole, bila kufoka, maana wakifokewa wanaficha. Halafu namtania mtoto, "Fungua mdomo nione ulikula nini," na tochi yangu inaingia. Nimeshawakuta saba waliokatwa. Wote saba walipona.

Bazilio nilimtafuta. Nikaambiwa ana duka la dawa Kakonko. Nikapanda basi siku ya mapumziko, nikafika mpaka kaunta. Alikuwa na mvi, miwani mipya. Nikanunua panadol. Akaona kitambulisho changu cha kazi kimening'inia, akatabasamu, akasema, "Nesi, eh? Kazi nzuri hiyo. Usikubali ikukatishe tamaa." Nikasema asante, nikachukua chenji yangu, nikarudi stendi. Hivyo ndivyo nilivyo jasiri.

Miaka ikapita, Mama Mdogo akapata mtoto mwingine baada ya maombi ya muda mrefu. Akamwita Winnie. Winnie hakuchanjwa hata sindano moja tangu azaliwe. Siku ya chanjo ikitangazwa, Mama Mdogo alikuwa anambeba anakwenda naye shamba la mbali, anarudi jua likizama. Mimi nilijua. Nesi mzima mwenye leseni, nilijua na nikanyamaza, kwa sababu kumwambia sindano haiui ilikuwa ni kuanza sentensi nisiyoweza kuimaliza. Nilikuwa naomba tu Mungu mtoto asiumwe.

Aliumwa Machi mwaka jana. Alikuwa na miaka sita.

Niliwaona wakishuka kwenye bodaboda getini, saa tano asubuhi, mvua imewalowesha. Mama Mdogo alimshika Winnie kifuani kama mzigo wa kuni, miguu inaning'inia. Nikakimbia. Mtoto alikuwa anaungua, macho yamegeuka, mkono mmoja unaruka-ruka.

"Ameanza lini?"

"Homa siku tatu. Kurukaruka huku kumeanza kwenye basi, tulipopita Makere."

"Mama Mdogo, hospitali ya Kibondo iko hapo hapo kwenu! Mmekaa barabarani asubuhi yote!"

"Nimeipita," akasema. "Nimeiona na nimeipita. Kule wangemchoma. Nimekuletea wewe, mwanangu."

Nilimpokea mtoto nikamkimbiza ndani.

Daktari wa zamu alikuwa Tamimu, kijana wa mjini hapa hapa, mwenye haraka lakini anajua kazi yake. Alimpima mara moja. Malaria kali imepanda kichwani, sukari imeshuka. "Weka kanula, Sista. Sukari ya mshipa sasa hivi, na sindano ya malaria kali. Hatuna muda."

Nilikuwa nimeshafunga mpira mkononi mwa Winnie, na Mama Mdogo akauona mwiba wa kanula, ile sindano ya mshipa. Alikuja kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Alinisukuma, akaufungua mpira, akamnyakua mtoto kitandani.

"Vidonge!" akasema. "Mpeni vidonge. Mpeni maji ya sukari anywe. Sindano hapana!"

"Mama, hawezi kumeza huyu," Tamimu akasema. "Ukimwekea kitu mdomoni kitampalia. Bila sindano hatufiki jioni naye. Unanielewa? Hatufiki."

"Wa kwanza niliambiwa hivyo hivyo."

"Mama, mimi naweza kuita walinzi."

"Ita! Ita na polisi!" Alikuwa ameshafika mlangoni, khanga imemzunguka mtoto, na Winnie akaanza tena kutetemeka humo ndani ya khanga. Mama Mdogo akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira na mimi. Alikuwa ananitegemea, na hilo ndilo siwezi kulisahau. "Mwambie daktari, mwanangu. Wewe ulikuwepo, uliona kwa macho yako. Mwambie Niyubahwe aliuawa na nini."

Tamimu akaniangalia. Wanafunzi wawili wa mazoezi walikuwa wamesimama na trei za dawa, nao wakaniangalia. Mtoto alikuwa anakoroma.

Nikasema, "Aliuawa na kimeo, Mama Mdogo."

"Nini?"

"Bibi alimkata kimeo ulipokuwa Kasulu, siku ya pili ya mkutano wenu. Alivuja damu ndani, akawa anaimeza. Sindano haikumuua. Alikuwa ameshaisha kabla hatujafika zahanati. Daktari Bazilio alikisia, akaniuliza, nikasema hapana." Sauti yangu ilikuwa inatoka kavu, kama nasoma ripoti ya zamu. "Nilimshika kichwa mimi."

Nilidhani atanirukia, na nilitamani anirukie. Alibaki pale mlangoni, mdomo wazi kidogo, anaitazama mikono yangu. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Kwa Winnie zilikuwa nyingi mno, nikamwambia kwa ukali ambao sikujua ninao, "Mlaze mtoto kitandani! Utaniua baadaye. Mlaze sasa!"

Akamlaza.

Mshipa niliupata mara ya kwanza. Sukari ikaingia, dawa ikaingia. Dakika zilivyokwenda mkono ukaacha kuruka, pumzi ikatulia. Mama Mdogo alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wafiwa. Nikachuchumaa karibu yake. Sikuthubutu kumgusa.

"Alilia?" akaniuliza.

Kazi yangu imenifundisha majibu mengi mazuri ya kuwaambia akina mama. Hakupata maumivu. Alilala tu. Tulikuwa naye. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Alilia," nikasema. "Alikuita wewe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena vibaya, mbele ya wanafunzi, mpaka Tamimu akanishika bega akanitoa nje.

Walikaa wodini siku tano. Winnie aliamka siku ya pili akaomba soda. Mama Mdogo alikuwa ananijibu nikimuuliza: amekula, amekojoa, homa imeshuka. Zaidi ya hapo, hakuna. Nikileta chakula anampa mtoto, cha kwake anakifunika. Siku ya nne aliniuliza kitu kimoja tu, Bazilio yuko wapi. Nikamwambia Kakonko, duka lilipo, rangi ya mlango. Siku ya tano, zamu yangu ilikuwa ya mchana. Nilipofika nikakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jingine.

Wiki nzima sikupata usingizi. Nilikuwa namwogopea Bibi. Bibi sasa ana miaka zaidi ya themanini, haoni, na aliyekuwa akimwogesha na kumlisha miaka yote hiyo ni nani? Mama Mdogo huyo huyo, kwa mikono yake. Nilipiga simu, haipokelewi. Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikapanda basi la alfajiri kwenda Kibondo, nikachukua pikipiki mpaka nyumbani. Njiani nilijitayarisha kwa kila kitu. Nilijitayarisha kumkuta Bibi amelala kwenye uchafu wake. Nilijitayarisha kumbeba nimpeleke kwangu Kasulu.

Nilimkuta amekaa barazani, ameogeshwa, kichwa kimepakwa mafuta. Mama Mdogo alikuwa kwenye kigoda mbele yake na sahani ya ugali wa muhogo na samaki, anachambua miiba kwa vidole, anamtilia mdomoni tonge moja moja. Winnie alikuwa anacheza na kuku. Akanikimbilia, akanikumbatia miguu.

"Shikamoo, Mama Mdogo," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka.

Nikakaa kwenye ukingo wa baraza. Bibi akasikia kuna mtu. "Ni nani huyo?" akauliza. "Esteri, Niyubahwe ameamka? Mwambie aje ale."

Mama Mdogo akampangusa kidevu. "Bado amelala, Mama," akasema. "Kula."

Alimlisha mpaka sahani ikaisha, akamnywesha maji, akamlaza kwenye mkeka na kumfunika. Ndipo akanijia, akasimama, mikono inanuka samaki.

"Ulikuja kuona kama nimemuua."

"Mama Mdogo, hapana."

"Ulikuja kuona." Akakaa, akaacha nafasi kubwa kati yetu. "Kakonko nimekwenda. Nilimpigia magoti yule mtu dukani kwake, mbele ya wateja."

"Alisemaje?"

"Aliyoyasema ni yangu na yeye."

"Na Bibi? Umemwambia?"

"Siku niliyorudi nilimwambia yote. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakaja. Alinisikiliza, halafu akaniuliza Niyubahwe yuko wapi. Kila siku ananiuliza. Hajui hata kama amekufa. Kwa hiyo nimgombeze nani hapo? Alidhani anamtibu mjukuu wake, na sasa hata hilo limemtoka kichwani." Sasa akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mlangoni, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Wewe uliulizwa. Alichuchumaa akakuuliza vizuri. Nilikuwa nimekushika mkono."

Nilitaka kumwambia nilikuwa na miaka kumi na moja. Lilikuwa jibu la kweli, na lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikaliangalia lile baraza, na mtoto anayefukuza kuku, nikaona halitasaidia mtu.

"Ndiyo," nikasema. "Niliulizwa."

Akainuka akaingia ndani. Akarudi na chai, ameweka tangawizi, na mhogo wa kuchemsha kwenye sahani yenye kifuniko, ile wanayopewa wageni. Akaviweka kwenye stuli mbele yangu, akapangusa stuli kwa ncha ya khanga.

"Kunywa, basi la Kasulu linatoka mjini saa nane," akasema. "Na asante kwa kumtibu mtoto wangu, nesi."